Mapipa ya Shimoni

Kakule Wenceslas hakuwa mutu mubaya. Ninalisema hilo mwanzoni kwa sababu nawajua ninyi: nikifika mwisho mtaanza kumtukana, na kutukana ni kazi rahisi kwa mtu aliyekaa kitini. Alikuwa mtu wa kazi na wa misa ya Jumapili, mpole kwa mkewe, mkaidi kwa wengine wote. Ukaidi peke yake si dhambi. Lakini ngojeni.

Alishuka kutoka milima ya Lubero mwaka wa hamsini na mbili, juu ya lori la viazi, yeye na mkewe Kasoki na jembe moja ambalo mpini wake ulivunjika njiani. Hapa Goma akapata kazi ya kutunza bustani ya Mzungu mmoja kando ya ziwa. Kule kulikuwa na bomba na mpira mrefu wa kumwagilia, na mchana kutwa Kakule alinywesha maua ambayo hakuna anayeyala. Jioni alirudi kwake, upande wa Keshero kwenye njia ya Sake, na huko hakukuwa na bomba wala mpira. Kulikuwa na mawe.

Ninyi mnaolima kwenye udongo hamjui neema mliyopewa. Sisi tumekaa juu ya moto uliopoa. Mawe meusi, makali, yenye matundu, na katikati yake nyufa usizojua zinaishia wapi. Udongo wa bustani yake Kakule aliubeba kwa kikapu kutoka Munigi, kila Jumamosi, mwaka mzima, akaumwaga ndani ya vijiboma vya mawe alivyovipanga kwa mkono wake. Akapanda poaro, vile vitunguu vya majani marefu, na karoti na mashu, yaani kabichi, kwa maana wapishi wa Wazungu walikuwa wakizitafuta hizo mpaka mlangoni.

Sasa, bustani bila maji ni kaburi la mbegu, na hapo ndipo Goma inapokuchekesha na kukuliza siku moja. Mvua ya kwetu inanyesha mpaka watu wanashindwa kusikilizana ndani ya nyumba. Saa moja baadaye, ukitafuta tone la kuoshea kidole hulipati. Hakuna mto, hakuna hata kijito. Jiwe limekunywa yote. Maji yako ziwani, chini, na njia ya kutoka ziwani ni ya kupanda juu ya mawe yale yale. Bomba la Kakule lilikuwa shingo ya Kasoki, mara nne kwa siku, mtungi kichwani.

Mwaka wa hamsini na tano Kasoki alikuwa na mimba ya miezi sita. Akateleza kwenye ile njia, mtungi ukavunjika, naye akaangukia jiwe kwa tumbo. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimzika nyuma ya nyumba, mahali ambapo Kakule alilazimika kuvunja mwamba kwa mtaimbo ili apate nafasi ya kumtosha. Tangu siku hiyo, kila mvua iliponyesha, alisimama mlangoni akiyatazama maji yakishuka kutoka kwenye paa lake na kupotelea ardhini, na roho ikamuuma kama mtu anayeibiwa huku amefungwa mikono.

Jirani yake alikuwa Sebahire, mtu wa Kalengera, upande wa Rutshuru, fundi wa kunyoosha mabati ya magari kwenye garaji moja mjini. Mrefu, mwembamba, mwenye mdomo usiojua kuchoka. Nyumbani kila mmoja alisema lugha yake, wakakutana kwenye Kiswahili na kwenye kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mnajua desturi: anayekupa pombe anaonja kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho yako, ujue hakuna kitu ndani. Sebahire alikuwa na maonjo marefu. Kakule akamwambia siku moja kwamba sumu haihitaji nusu ya kibuyu ili ijulikane, na wakacheka mpaka Kasoki akatoka kuuliza kuna nini.

Basi ni huyo Sebahire aliyemwambia aache kuililia mvua, kwa sababu nyuma ya garaji mapipa ya petroli yalikuwa yakioza bure na mwenye garaji alishasema ayaondoe. Jumapili moja baada ya misa wakayavingirisha matatu kwenye barabara ya Sake, yakilia ngo-ngo-ngo hata mbwa wa mtaa mzima wakatoka. Wakayasugua kwa majivu na mchanga, wakayaacha wazi juani siku nne, kisha wakachoma majani makavu ndani yake huku wamesimama mbali, maana Sebahire alikwisha kuona pipa likimrukia mtu usoni. Akakata vifuniko kwa tindo, akapondaponda kingo zisije zikamkata Kasoki mikono. Chini ya kila pipa akatoboa tundu, akaingiza kipande cha bomba, na tundu likazibwa kwa kizibo cha mti kilichoviringishwa kitambaa. Kakule naye akapasua mianzi katikati, akaifunga kwa waya chini ya ukingo wa paa ili iwe mifereji.

Shida ikawa nyumba. Ilikuwa fupi. Ukingo wa paa ulimfika Kakule kifuani, na pipa nalo lilimfika kifuani. Ukilisimamisha, mfereji hauna pa kumwaga. Lakini kwenye pembe ya nyumba kulikuwa na shimo la asili kwenye jiwe, kina cha kiuno. Wakalipanua, wakaweka ngazi tatu za mawe, wakayashusha mapipa humo. Mvua ya kwanza ya Machi iliyajaza yote matatu kabla ya chakula cha mchana. Kasoki aliingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akaanza kulia, na Kakule hakumwuliza analilia nini.

Walipatana kwamba Dancille, mke wa Sebahire, atachota maji bidoni mbili, yale madumu ya bati, kila siku. Haikuandikwa popote. Ilisemwa juu ya kibuyu, kati ya watu wawili waliopendana.

Kisha Juni ikaingia na kiangazi chake. Vumbi, jua, na maji ya mapipa yakashuka kidole kwa kidole. Kakule akawa anayapima kwa kijiti kila jioni, na kila jioni uso wake unazidi kukunjamana. Siku moja Dancille alikuja na bidoni zake akakuta vizibo vya mapipa vimefungwa kwa waya. Aligeuka, akateremka ziwani. Jioni Sebahire akaja, na kwa mara ya kwanza hakuingia, akasimama nje ya ua.

"Kakule, ile maji ilitoka mbinguni, na ile mapipa ilitoka katika mikono yangu. Wewe ulitoa shimo tu."

Kakule alijibu kwamba hata hivyo, shimo liko kwake. Aibu! Mtu aliyemwona mkewe akipoteza mtoto kwa ajili ya maji, leo anamrudisha mwanamke mwenzake kwenye njia ile ile. Nilipoambiwa jambo hilo nilitema mate chini, na bado linanikera. Alikuwa na sababu zake, ndiyo. Poaro zilikuwa zinakauka, na Kasoki alikuwa na mimba tena, miezi mitatu, nayo hofu inamfanya mtu kuwa bahili. Miezi miwili majirani hao hawakupeana hata salamu.

Mwezi wa Agosti mapipa yalikuwa matupu kabisa. Kakule akawaza: nikilichimba shimo liende chini zaidi, nitapandisha pipa juu ya pipa, na kiangazi kijacho sitamnyima mtu. Ndiyo, aliwaza hivyo, nami namwamini. Akatoa mapipa, akachimba peke yake, jioni kwa jioni, kwa mtaimbo na nyundo, mpaka shimo likampita kichwa na ngazi zikawa saba. Siku ya mwisho mtaimbo ulipenya ghafla. Chini kabisa jiwe lilipasuka, ukatokea ufa wa upana wa kiganja. Akaweka mkono juu yake, akahisi pumzi kidogo ya uvuguvugu. Akafurahi. Kwao Lubero shimo lenye ufa ni shimo jema, maji yanayomwagika yanapata njia ya kupita na matope hayajai. Fundi wa kumshauri alikuwa ng'ambo ya ua, lakini fundi huyo alikuwa hasalimiwi.

Septemba ikaleta mvua, mapipa yote matatu yakajaa, na matatizo yakaanza. Asubuhi moja kuku wawili walikutwa wamelala chini ya ngazi, miguu juu, bila jeraha. Siku ya tatu jogoo. Juma lililofuata mbwa wa Anastase, jirani wa upande wa pili, alishuka kunywa matone kwenye kizibo na hakupanda tena. Jioni Kakule mwenyewe alishuka kuchota, akapanda mzima, na poaro zikanywa zikastawi. Sasa hebu niambieni, ninyi mngewaza nini? Mazuku tulikuwa tunayajua sote, ule upepo mubaya usioonekana, unaoua mnyama mahali alipolala. Lakini mazuku yalikuwa ya porini, ya mabonde ya huko mbele kwenye njia ya Sake ambako wachungaji hukuta ng'ombe amekufa bila alama. Hakuna aliyewahi kusikia mazuku yakikaa chini ya paa la mtu, katika shimo alilolichimba kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu ikaja zamu ya Kasoki. Alishuka alfajiri, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akitaka kuosha poaro za soko kabla ya jua. Hakukuwa na upepo, ukungu umelala chini. Alipofika ngazi ya nne miguu ikamlegea, masikio yakalia, akajikuta ameshika ngazi kwa vidole na kujivuta juu kama mtoto anayetambaa. Kakule alimkuta ameketi juu ya shimo, amejishika tumbo, anatapika.

Mtoto wa tumboni hakupata neno. Lakini Kakule alikwisha kuwa mtu mwingine. Alimwuliza mkewe alikunywa maji kiasi gani, naye Kasoki akajibu wazi kabisa.

"Sikunywa. Sikufika hata kwenye pipa."

Hakulisikia neno hilo. Masikio alikuwa nayo, lakini moyo ulikwisha kupata jibu lake: ni nani anayejua tundu na vizibo vya mapipa haya, ni nani aliyenyimwa maji, ni nani wa kinyongo? Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Paulin, kapita wa mtaa, aliyetuhesabu kwa niaba ya serikali, akasema Sebahire ametia sumu katika maji yake ili aue mke na mimba. Mtaa ukawaka. Mnawajua watu: jana walicheka na Sebahire njiani, leo kila mmoja anakumbuka kwamba macho yake yalikuwa na kitu.

Paulin alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe. Hakutaka kupeleka habari kwa Wazungu, maana jambo likifika kwao linarudi na askari na fimbo kwa wote. Akawaita wote wawili mbele ya watu. Sebahire alikana. Alisema hajakanyaga ua wa Kakule tangu Juni. Paulin akamwuliza Kakule anataka nini. Kakule akasema maneno mawili tu, ambayo kwetu hutamkwa juu ya pombe kwa mchezo.

"Aonje kwanza."

Watu wakaguna kukubali. Ilikuwa haki, au ilifanana na haki. Wakapanga iwe kesho yake alfajiri, kabla ya watu kwenda kazini, naye Sebahire ashuke peke yake na kikombe chake, afungue kizibo mwenyewe, anywe mbele ya macho yetu, asije mtu akasema maji yalibadilishwa. Sebahire hakusita. Alimtazama Kakule, si kwa hasira, na hilo ndilo Kakule alilolisema mara nyingi baadaye, kwamba hakukuwa na hasira.

"Nitaonja. Lakini nikishapanda, utaniomba pole hapa mbele ya watu, na mke wangu Dancille atachota maji yake kama tulivyopatana."

Kakule akaitika kwa kichwa.

Kesho yake ukungu ulikuwa umelala tena, hewa imetulia kabisa, moshi wa majiko unakwenda juu wima. Sebahire alivaa shati lake la misa. Dancille alikuwepo na watoto watatu, mkubwa wao Léoncie, msichana wa miaka kumi. Sebahire akatania kwamba kwa miezi mitatu amekuwa akitaka kuonja maji haya na amekatazwa, sasa anaburutwa kwa kapita ili ayanywe. Wawili watatu wakacheka. Akashuka ngazi, moja, mbili, tatu, na kikombe cha bati mkononi. Chini akapiga magoti, akainama kutafuta kizibo. Tukangoja kusikia maji yakilia katika kikombe.

Hatukusikia kitu. Aliegemeza kichwa kwenye pipa kama mtu aliyechoka, kisha akateleza taratibu akalala ubavu.

Kwanza hakuna aliyetikisika. Halafu Dancille akapiga ukelele, na Kakule, nampa haki yake, Kakule ndiye aliyeruka shimoni. Alimshika kwapani. Na pale, kabla macho hayajaingia giza, aliona mambo mawili: kizibo kilikuwa bado mahali pake, kikavu, kimekaza, na kikombe kilichoanguka kando ya goti kilikuwa hakina hata unyevu. Baada ya hapo hakuona kitu. Anastase alilala kifudifudi juu ya shimo, akamnasa kola ya koti, watu wakavuta. Kakule alirudi kuvuta pumzi juu ya mawe. Sebahire walimtoa kwa kamba, na walipomtoa alikuwa amekwisha kwenda.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Waongo! Alichimba Kakule, akaingia Sebahire.

Na mtaa ukasema nini? Ukasema: mmeona. Sumu yake imemgeukia. Ameonja alichokipika. Watu wakaja kumshika Kakule mkono, wakamwambia Mungu ameonyesha ukweli, na wanawake wakamkumbatia Kasoki. Paulin akafuta jasho, jambo lilikuwa limeisha. Kakule alikaa juu ya jiwe na kupokea mikono hiyo yote. Alikuwa anajua. Tangu dakika ile alikuwa anajua kwamba mtu asiyekunywa hafi kwa maji.

Hakusema siku hiyo, wala ya pili, wala ya tano. Kaburi la Sebahire lilichimbwa na watu watatu tu. Kilioni hakwenda mtu, jiko la Dancille halikupelekewa hata muhogo mmoja. Wanawake walipomwona ziwani walihamisha mitungi yao mbali na wake. Naye alipotuma ujumbe Kalengera, kwa ndugu wa marehemu, kwamba anarudi na watoto, jibu likaja kwa dereva wa lori: mama aje akitaka, lakini watoto wa mtia sumu wasilete damu hiyo katika boma lao. Watoto watatu, na hakuna paa duniani linalowataka. Hilo lilimfikia Kakule akiwa bustanini, amepiga magoti kati ya poaro zake nzuri. Alikwenda kukaa ndani, chakula cha jioni kikamshinda.

Kasoki ndiye aliyemfungua mdomo. Alimwuliza, bila kupandisha sauti, kikombe kilikuwaje. Kakule akajibu kilikuwa kikavu.

"Mimi nilikuambia sikunywa," Kasoki akasema. "Ulinisikia, au hukunisikia?"

Asubuhi moja iliyotulia Kakule aliwasha taa ya petroli, akaifunga kamba, akaishusha shimoni. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, inawaka. Ilipopita ya nne mwanga ukapungua, ukawa wa buluu, ukazimika kama umebanwa na vidole. Akaipandisha, akaiwasha, akaishusha tena. Ikazimika pale pale. Mchana, upepo wa ziwa ulipovuma, taa ile ile ilishuka mpaka chini na ikaendelea kuwaka bila wasiwasi. Akakumbuka wachungaji wa njia ya Sake, na ile pumzi ya uvuguvugu iliyotoka kwenye ufa, aliyoifurahia. Akakaa chini akalia kwa sauti, mtu mzima, mpaka Anastase akachungulia juu ya ua.

Dancille alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Lori la Rutshuru lilikuwa la Alhamisi. Wapi alikuwa anakwenda nadhani hata yeye hakujua. Alisema Kiwanja, sokoni, ambako hawajui jina la mtu. Alhamisi hiyo kabla ya jua Kakule alipiga hodi nyumba kwa nyumba. Akamtoa Paulin kitandani. Akasimama mbele ya mlango wa Dancille, hakuthubutu kuingia, akaomba waje shimoni, yeye na watoto. Dancille alikuja akiwa na mtoto mdogo mgongoni, uso umefunga kama jiwe.

Mbele ya watu wote akaishusha ile taa. Ikazimika. Akaiwasha, akampa Paulin kamba aishushe mwenyewe. Ikazimika. Akampa Anastase. Ikazimika. Mara ya tatu kulikuwa na mnong'ono uliotoka nyuma na kuja mbele, mazuku, mazuku, na watu wakaanza kurudi nyuma kutoka kwenye ukingo. Kisha Kakule akawaeleza habari ya kizibo na ya kikombe. Sebahire hakunywa. Katika mapipa hamkuwa na sumu, hamkuwahi kuwa na sumu, na poaro walizokuwa wakila wote zilinyweshwa kwa maji hayo.

Paulin alikuwa mwepesi. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akasema basi, ndugu zangu, haya ni mambo ya upepo, ni bahati mbaya, hakuna mwenye kosa. Marehemu jina lake limesafishwa, na Kakule naye hakujua, twendeni kazini. Watu wakaanza kuitika. Ilikuwa njia nzuri, pana, na Kakule angeweza kuipita pamoja na sisi wote tuliosema aonje. Maana tulisema, msinitazame hivyo. Na mimi nilikuwepo, na mimi niliguna.

Kakule akatikisa kichwa.

"Mazuku hayakumwita Sebahire hapa," akasema. "Mimi nilimwita. Nilimnyima maji ya mapipa yake, nikamwita mtia sumu, mke wangu akaniambia ukweli na nikaukataa. Nilipoona kikombe kikavu nilinyamaza siku kumi na mbili, mkamzika kama mbwa. Mimi ndiye nimemuua."

Dancille alimtazama Kakule muda mrefu, kisha akawashika watoto wake wawili mabegani, Léoncie na mdogo wake, akawasukuma mbele mpaka wakasimama hatua moja kutoka kwa Kakule.

"Sema tena," akamwambia. "Wao ndio wataulizwa baba yao alikuwa nani. Sema wasikie."

Kakule alipiga magoti juu ya lile jiwe, macho yake yakawa sawa na ya Léoncie, akalisema tena lile neno.